Mpini wa Mkono Mmoja

Kwa miaka mingi nilipakana ukuta na daktari wa meno. Yeye alikuwa kushoto, mimi na jiko langu la kuchoma ndafu, mbuzi wazima wa harusi, kulia, katika ile mitaa ya Kaloleni ambako hata kujinyoosha unamwomba jirani asogee. Wagonjwa wake walikaa kwenye benchi wameshika mashavu, moshi wa mbuzi wangu unawapitia puani, na wengine walilia kabla hawajaguswa. Aliniambia siku moja kwamba mtesaji ni mimi, yeye anang'oa tu. Tulipatana sana.

Jina analo, lakini sikumbuki kama niliwahi kulitumia. Alikuwa Daktari. Marehemu mkewe alimwita Daktari mpaka siku ya mwisho, na binti yao Ndeshi, alipokuwa mdogo, alidhani baba wa kila mtoto anaitwa Daktari.

Alikuwa na maneno machache, yote ya kazini, na aliyatumia kila mahali. Fungua. Fungua zaidi. Uma. Suuza. Tema. Mtu akimletea habari ndefu ya ugomvi wa kiwanja, alimsikiliza mpaka mwisho, akainua kichwa na kusema, "Suuza," na yule mtu aliondoka akijiona amepata ushauri. Usharikani walimpa uenyekiti wa kamati ya ujenzi, na nasikia kikao cha kwanza alikifunga kwa kusema, "Haya, temeni." Kitu kimoja tu sikuwahi kumsikia akikisema: hakuwahi kumwambia mtu afunge mdomo. Walevi walipita wakitukana. Mama muuza ndizi alimsema mbele ya wagonjwa kwa sababu ya yale maji ya kusukutulia aliyoyamwaga karibu na meza yake. Mimi mwenyewe nilimpigia domo asubuhi hadi jioni. Yeye alitutazama tu kwa hamu, shingo upande, akikagua magego.

Sasa, mtu huyu alikuwa akitengeneza mipini ya panga.

Siyo panga za shambani. Namaanisha panga za kivita, sime, jambia, silaha za wafalme ambao hawapo. Na sikusema alitengeneza panga. Alitengeneza mipini. Upande wa chuma haukumhusu. Nyuma ya kile chumba chake cha kung'olea meno alikuwa na meza iliyojaa mipini mitupu, mizuri ajabu, yenye kinga za vidole na nakshi, na hakuna hata mmoja uliokuwa na upanga mbele yake.

"Daktari," nilimuuliza, "mpini bila upanga ni wa nini?"

"Na upanga bila mpini?"

"Huo walau unakata."

"Unamkata anayeushika," alisema, akaendelea kupuliza vumbi.

Ugonjwa huo ulimwanza siku mgonjwa mmoja kutoka Monduli alipomzawadia sime. Aliishika, akaiweka mezani, akaenda kunawa mikono. Mpini wake ulikuwa wa kawaida, kijiti kilichozungushiwa ngozi nyekundu, kimenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. "Jirani, umewahi kuona mtu mwenye kiganja kilichonyooka?" aliniuliza. Nikamwambia sijawahi kutazama. Kwake lilikuwa kosa la kitabibu. Watu wanashika vitu visivyowatosha maisha yao yote, alisema, na hakuna anayelalamika, wakati jino la bandia likizidi unene wa unywele mtu anarudi mbio analia.

Basi akaanza kupima mikono kama alivyopima vinywa. Alichukua kijiti, akakizungushia lile rojo la waridi la kupimia meno, lenye harufu ya pipi za mnanaa, akakupa. "Kamata. Usisogee." Ukakamata, na rojo likaganda taratibu mkononi mpaka likawa kama raba. Ukiachia, unakuta vidole vyako vyote vimebaki mle, hata mikunjo. Kutoka hapo alitoa donge la plasta, ile jasi nyeupe inayoganda kama jiwe, lenye umbo lile lile, na kutoka kwenye donge alichonga mti, mara nyingi mloliondo aliouchukua kwa fundi seremala mmoja wa huku chini ya mlima. Alichonga kwa mashine ile ile ya kutoboa meno. Wagonjwa benchini waliisikia inalia huko ndani, wakatazamana, wakahesabiana, wakakuta hakuna hata mmoja wao aliyeingia. Wapo walioinuka wakaenda zao, na meno yao yakapona kwa hofu.

Kinga ya vidole aliitoa kwenye shaba njano ya mabomba ya zamani. Palipobaki nafasi alijaza ile plastiki ya rangi ya fizi anayotengenezea meno ya bandia, kwa hiyo kila mpini wake ulikuwa na ufizi. Na mwishoni kabisa, pale ambapo wafalme huweka simba au kito, yeye alichonga gego, mizizi juu.

Rafuni aliweka madonge ya plasta ya mtaa mzima. Mchungaji alikuwepo, fundi viatu alikuwepo, mama muuza ndizi alikuwepo pamoja na ukali wake wote. Ukichukua donge lako, mkono unaingia kama umerudi nyumbani. Ukichukua la mwenzako, vidole vinakataa. Nilijaribu la mchungaji nikapata mkakamao. Safu ya chini yote ilikuwa ya Ndeshi, donge moja kila Krismasi, la kwanza limelingana na yai la kuku, mengine yanakua kuelekea dirishani. Wazazi wengine huweka alama za urefu ukutani. Donge la marehemu mkewe halikuwa rafuni. Lilikuwa kwenye droo, limefungwa leso, na nilishawahi kumkuta amelishika huku anasoma gazeti, ingawa halikumtosha hata kidogo.

Nilisema alitengeneza mipini ya panga. Lazima niseme pia kwamba hakuweza kukata mkate. Makali yalimtia kizunguzungu. Damu ya kinywani haikumsumbua, alidai hiyo iko mahali pake, lakini kisu cha jikoni kikiwa mezani alikifunika na sahani. Mkate pale nyumbani Sekei alikata Ndeshi tangu akiwa na miaka saba, na baba yake aligeukia ukutani mpaka aambiwe tayari.

Na alimwogopa ndafu. Sijui niliandikeje hili likaaminika. Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, mtu anayealikwa kwenye harusi karibu kila Jumamosi, anamwogopa ndafu. Siyo nyama. Nyama alikula, tena alifuata mbavu. Alichokiogopa ni yule mbuzi mzima kwenye sinia, amepigishwa magoti, majani mdomoni, anaingizwa ukumbini kwa muziki huku wapishi wanacheza. Mimi nilizidisha kwa kuweka nyanya mbili ndogo mahali pa macho, jambo ambalo wateja wangu walilisifu sana.

"Ananitazama, jirani," alininong'oneza mara ya kwanza.

"Amekufa, Daktari."

"Ndiyo maana nashangaa."

Tangu hapo utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Mshereheshaji akitangaza ndafu, mimi naingia mlangoni nacheza na sinia, Daktari anatoka anapunga hewa. Tulipishana kwenye milango ya kumbi zote za Arusha. Alirudi ndafu akiwa vipande, akala mbavu. Mzee mzima, harusi zote hizo, hakuwahi kumwona ndafu akikatwa. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililotuchafulia mambo.

Ndeshi akaposwa. Mchumba aliitwa Godlisten, fundi wa magari ya watalii, Mmeru wa pande za Usa River, kijana mpole mwenye mikono ambayo ukisalimiana naye unahesabu vidole vyako baadaye. Daktari alisema anampenda. Lakini niliona jambo. Kila aliyeingia pale kliniki alipewa rojo ashike, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Godlisten alikuja mwaka mzima, akakaa, akanywa chai, akaondoka, na hakuna aliyemwambia kamata.

Wiki chache kabla ya harusi Daktari akaja kusimama mlangoni kwangu, mgongo kwa mbuzi.

"Ndafu wa Ndeshi utamchoma wewe," alisema. "Lakini hatakatwa kwa kisu. Atakatwa kwa upanga."

"Wa nani?"

"Wangu. Natengeneza mpini, na safari hii natia chuma." Kisha akasema, anatazama ndoo yangu ya chumvi, "Nina mtoto mmoja, jirani. Anaondoka. Nataka aondoke na kitu mkononi ambacho hakuna mtu duniani atakayemnyang'anya akaweza kukitumia."

Nilimpenda sana mzee yule wakati ule.

Nilimsindikiza Sombetini kwa fundi chuma anayefua sime kutoka kwenye springi za magari. Fundi aliupokea mpini, akaugeuza, akaona ufizi, akaona gego, akajaribu kuushika kwa namna zote anazozijua mtu aliyeshika vyuma tangu utoto. Vidole vyake havikupata mahali pa kukaa.

"Mzee wangu, shikamoo tena," alisema. "Hiki kitu ni cha kukata au cha kusalimiana?"

"Ni cha mtu mmoja," Daktari alijibu. "Wewe tia chuma."

"Chuma nitatia. Ila watu wakiuliza, msiseme ni mimi."

Alipokuwa anakiingiza chuma kwenye mpini Daktari alitazama barabarani, akaniuliza kama kazi imeisha. Ule upanga, nasema kweli, ulikuwa mzuri. Ulikuwa pia wa kuchekesha mno, kwa sababu chuma kilichomoza kwenye fizi za waridi kama jino lililosahaulika. Ndeshi alipoushika nyumbani, jioni ile, aliacha kucheka. Aliupandisha na kuushusha. Akasema, "Baba, ni kama umenishika mkono." Daktari akamwambia suuza, akaenda chumbani.

Ukumbi ulikuwa hapo hapo Sekei, umepambwa, umejaa. Mshereheshaji akamwita ndafu. Nikaingia nacheza, na kwa mara ya kwanza sikupishana na mtu mlangoni. Daktari alikuwa amekaa meza ya wazazi, amekodoa macho, ameshika meza kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Alikuwa amebaki kuona upanga wake.

"Maharusi wetu!" mshereheshaji akapaza sauti. "Silaha hiyooo! Sasa wote wawili, mikono pamoja, shikeni!"

Ndeshi akashika. Mkono ukaingia wote. Godlisten akaleta wake, ukakosa pa kwenda. Alijaribu juu, shaba ikamzuia. Alijaribu chini, gego likamchoma kiganjani. Alijaribu kushika chuma, nikapiga kelele. Mwishowe akamshika bibi harusi kifundo cha mkono, wakasimama vile mbele ya mbuzi, wakaonekana kama askari na mtuhumiwa. Watu walianza kwa kucheka. Kisha nikamwona Daktari. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, pengine upeo wake. Mzee wa watu alikuwa anaona kwa mara ya kwanza maishani mwake kwamba ndafu hukatwa na watu wawili.

Baba mkubwa wa bwana harusi akasimama. Muziki ukakatwa.

"Naomba kuuliza," alisema kwa upole wa kutisha. "Huu mpini una ujumbe?"

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Daktari akasimama akaanza kufundisha. Akaeleza kwamba mpini ni sawa na meno ya bandia, ya mtu ni ya mtu, huwezi kumvalisha mwenzake, na kwamba amepima mkono wa binti yake tangu akiwa mchanga.

"Na mkono wa kijana wetu, ulipima lini?"

Daktari akaitazama mikono ya Godlisten.

"Mangi," baba mkubwa akamwita kwa heshima ya Kichaga, "tuelewane. Binti umetupa, au umetuazima?"

"Mimi sikujua wanashika wote wawili," Daktari alisema. "Ndafu akiingia, mimi huwa natoka."

Ukumbi mzima ukaguna. Nani angemwamini? Nikasema kwa sauti kwamba ni kweli, huwa anatoka, namfahamu, anaogopa macho. Nilionekana nimehongwa. Na ndafu wangu alikuwa anapoa, mafuta yanaganda, nyanya moja imeshadondoka. Nikachomoa kisu changu cha kazi, kile cha mpini wa plastiki ya kijani niliofunga kwa raba ya tairi la baiskeli, nikawapa maharusi. Kisu hicho kinamtosha kila mtu vibaya sawasawa. Wakashika wote wawili, wakakata, wakalishana, watu wakapiga vigelegele vya kujilazimisha. Wala sijutii, nyama ilikuwa inaharibika.

Upanga ulirudishwa Sekei siku chache baadaye, umezungushiwa kanga, kwa mkono wa baba mkubwa mwenyewe. Hakukaa. Aliuacha kwenye kiti cha barazani, akasema kwao vitu vya ndoa hushikwa na wawili. Tangu hapo Ndeshi alikuja kwa baba yake peke yake. Godlisten alimleta kwa gari mpaka getini, akapiga honi ya salamu, akageuza. Hakuwa na ubaya. Aliambiwa na wakubwa zake asiingie mpaka aitwe, na Daktari hakujua mtu anaitwaje. Alijua kumwita mgonjwa tu. Nilimwona mara nyingine amesimama dirishani anaangalia ile mikono mikubwa inazungusha usukani, mpaka gari linapotelea kwenye kona.

Na mimi alininunia kwa sababu ya kile kisu. Alipita mlangoni kwangu anatazama juu kuelekea Meru, kana kwamba mlima umeota usiku huo. Siku aliponisemesha tena nilimuuliza kama kweli, kweli kabisa, alisahau kwamba harusi ina watu wawili. Alifikiri. "Tema," akasema.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, na hakuna mtu anayetaka kufungua mdomo mbele ya hilo. Kliniki ikafungwa. Madonge aliyagawa kwa wenyewe, na kwa siku kadhaa watu wa Kaloleni walikatiza mitaa kila mmoja amebeba mkamato wake. Langu liko kaunta, linazuia karatasi za kufungia nyama zisipeperuke. Ukuta ule sasa napakana na muuza simu, mtu asiyependa mazungumzo.

Majuzi Ndeshi alinipigia. "Anko, shikamoo. Njoo nyumbani leo, tunahitaji mikono."

Nilikuta gari la Godlisten, siyo nje ya geti, ndani. Mwenyewe alikuwa barazani amekaa kwenye ukingo wa kiti, anatazama viatu vyake. Nikamuuliza Ndeshi kwa macho. Akanivuta pembeni akaniambia baba yake alianguka bafuni juzi, hakushindwa kuinuka, ila fimbo ilimteleza mkononi. Mkono haukamati tena. Fimbo aliyopewa hospitali ina mpini ulionyooka, na tangu aanguke haishiki, anasema ni kosa la kitabibu. "Nimeamua kumtengenezea wake," alisema. "Nikamwambia Godlisten aingie. Nimemwita mimi. Nani mwingine angemwita?"

Daktari alikuwa kwenye kiti cha mikono, amepungua, shingo upande kama zamani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, jirani. Gego la juu kulia limeisha, nalisikia kwenye maneno yako. Kaa. Hawa watoto wananiua."

Walikuwa wanakoroga rojo la waridi kwenye bakuli la mpira, na mzee alikuwa anatukana kila hatua. Maji mengi. Maji machache. Unakoroga uji? Hatimaye wakalizungushia juu ya fimbo, wakamkabidhi. Akakamata. Mkono ukaanza kutikisika, na rojo likavurugika, vidole vikaandika mawimbi. Ndeshi akalikwangua, wakakoroga upya. Ikawa vile vile. "Baba, tulia kidogo." "Nimetulia! Mkono ndio haujatulia!" Mara ya tatu mzee hakufoka. Alitazama lile rojo lililovurugika, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amepima mikono ya watu wote isipokuwa wake, na sasa umeshapitwa na wakati. Iliniuma.

Wakati huo Godlisten akainuka kwenye kiti chake. Hakuuliza. Walipozungushia rojo mara nyingine na mzee akakamata, alileta ule mkono wake mkubwa akaufunika mkono wa baba mkwe, wote, kutoka kifundoni hadi kwenye kucha. Ndeshi akaweka wake juu. Fimbo ikasimama imara.

Daktari akaitazama ile mikono. "Ni mkono mkubwa huu," alimwambia Godlisten. "Rojo lingehitajika debe."

"Ndiyo, baba."

"Msisogee."

Hawakusogea. Mimi nilishika bakuli, sina kazi nyingine. Nje mtu alipiga honi, mtoto akapita anaita mbwa, na wale watatu wapo tu juu ya fimbo. Nikaminya kwa kidole kile kilichobaki bakulini. Kilikuwa kimeganda zamani, kigumu kama raba, kimeshaanza hata kuachana na ukingo. Daktari aliyepima vinywa maisha yake yote alijua hilo kuliko sisi wote.

"Baba, bado?" Ndeshi aliuliza.

"Bado kabisa."

Nikainua bakuli nionyeshe, nikaanza kusema. Mzee akanigeuzia macho.

"Jirani," alisema, "funga mdomo."

Nikafunga.